Baba na Jamaa Katika Siku Arobaini za Uzazi

Utunzaji baada ya kujifungua ni huduma anayopewa mama na mtoto tangu kondo la nyuma litoke hadi wiki ya sita. Muda huo unakaribiana na siku arobaini ambazo Waborana na Wasomali wa Kaunti ya Isiolo humpa mzazi apumzike. Hukaa ndani, hupikiwa, hukandwa, na wanawake wa ukoo humzunguka. Ni desturi yenye heri: dada na shangazi wakibeba maji na kuni, mama hupata nafasi ya kulala na kunyonyesha. Pengo lake ni baba. Huishia mlangoni, au yuko fora, yaani kambi ya malishoni, na mifugo, mwendo wa siku kadhaa kutoka nyumbani.

Hata hivyo mila haijamfukuza. Katika familia za Kiislamu ni kawaida baba kumwadhinia mtoto sikioni, na ndiye anayemchinjia akika siku ya saba. Tayari ana nafasi kando ya mtoto, na mkunga au mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kuanzia hapo.

Hatari kubwa zaidi iko katika saa 24 za kwanza, hasa mama kuvuja damu nyingi. Mwaka 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba wazazi hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta msaada, wa kufika kituoni, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza uko mikononi mwa familia. Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 tu. Kutoka Merti au Oldonyiro hadi hospitali ya rufaa mjini ni safari ndefu. Ikiwa mwenye sauti ya kuuza mbuzi na kukodi gari yuko malishoni pasipo na mtandao wa simu, saa zinapotea huku leso zikilowa damu. Kwa hiyo mambo matatu huamuliwa kabla ya uchungu kuanza: nani ataamua baba asipokuwepo, fedha zimewekwa wapi, na dereva gani atapigiwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka mama aliyejifungulia kituoni akae huko angalau saa 24, kisha aonwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Baina ya tarehe hizo macho ni ya walio nyumbani. Kwa mama watazame damu inayozidi, homa, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe na degedege. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, mwili kuwa moto au baridi, kitovu chenye usaha, na kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Kuhesabu huko hakuhitaji usomi mwingi. Baba hutazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima ya saa ya simu yake.

Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huhitaji kifua cha mtu. Huvuliwa nguo, akabaki na nepi, kofia na soksi, akalazwa wima kifuani pa mlezi, ngozi kwa ngozi, kichwa kikielekea upande mmoja ili apumue vizuri, kisha wakafungwa pamoja kwa leso. Mama akiwa amechoka au yuko chumba cha upasuaji, kifua cha baba hutoa joto hilo vilevile.

Nyanya naye asisahauliwe, maana neno lake ndilo linalofuatwa. Akiamini kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ni machafu, mtoto atapewa maji ya sukari hata kama mama alifundishwa vingine kliniki. Afundishwe pamoja na mkaza mwanawe, kwa heshima.

Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, au anayejiona hafai kwa zaidi ya wiki mbili, anahitaji mhudumu wa afya, wala si kukemewa. Mume ndiye anayeweza kuyaona hayo mapema.

Shirika la Afya Duniani, lilipopendekeza mwaka 2015 kuwahusisha wanaume, liliweka sharti: uamuzi wa mwanamke uheshimiwe. Mama ndiye anayesema nani aingie chumbani na nani aelezwe habari zake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili. Mfugaji hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Wiki zake hutegemea ndugu atakayekubali kushika zamu fora, na zamu hiyo ipangwe mimba ikiwa bado changa.