Simu Yako Inangoja Sasisho Ambalo Huenda Halitakuja

Mama mmoja anayeuza viazi na kabeji kule Langas alifika ofisini kwetu Eldoret Jumatatu asubuhi, simu ameishika kwa vidole viwili kama yai lililopasuka. Programu yetu ilikuwa imekataa kufunguka tangu Ijumaa. Ilimwambia tu kwamba toleo jipya halifanyi kazi kwenye simu yake, asasishe mfumo. Akaingia kwa mipangilio, akabonyeza pale pa kusasisha, na simu ikamjibu kwamba iko sawa, hakuna sasisho jipya. Huku unaambiwa sasisha, huku unaambiwa hakuna cha kusasisha. Sasa ufanye aje?

"Nimengoja hiyo apdeti kama mbolea ya serikali," akasema. Wakulima wawili waliokuwa kwa foleni wakacheka, maana hapa Uasin Gishu kila mtu anaijua ngoja-ngoja hiyo.

Wakati anafika kwetu, alikuwa ameshapoteza pesa. Tutafika hapo. Kwanza tueleze kwa nini simu yake ilimjibu hivyo, kwa sababu haikuwa imeharibika na wala haikumdanganya.

Google hutoa Android mpya karibu kila mwaka. Lakini kwa simu nyingi, Android hiyo haitoki Google moja kwa moja hadi mkononi mwako. Hupitia kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa kampuni iliyounda simu, ambayo huiongezea mambo yake, huijaribu, halafu huitoa kwa awamu. Ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kuwa na simu pacha, mlizonunua duka moja siku moja, na yeye apate sasisho wiki mbili kabla yako. Kungoja kwa aina hiyo hakuna neno. Kuna kungoja kwingine: kampuni ikishaamua kwamba modeli yako imezeeka, safari inaishia hapo, na mara nyingi hakuna anayekutumia ujumbe wa kukuaga. Simu itaendelea kukuambia iko sawa. Maana yake ni kwamba hakuna kitu kingine kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Ni habari njema kwa wenye simu hizo. Simu nyingi tunazoletewa hapa ni za shilingi elfu saba, nane, tisa, na nyingine zimepitia mikono mitatu. Hazikuja na ahadi kama hiyo.

Haya mambo si mageni Kenya. Wanaokumbuka Ideos ya Huawei, ile simu iliyoingia sokoni mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, watakumbuka pia hasira ya video kukataa kucheza. Ideos ilikuja na Android 2.2, na Android 2.2 ilikuwa imesifiwa dunia nzima mwaka 2010 kwa sababu ilikubali Flash, teknolojia iliyobeba video nyingi za intaneti wakati huo. Wenye simu za bei ghali walihesabu miezi wakingoja toleo hilo. Wenye Ideos walikuwa nalo tayari, lakini kichakataji cha simu yao hakikufikia kiwango ambacho Flash ilitaka. Kwa hivyo toleo ulikuwa nalo, video huna. Steve Jobs naye alikuwa ameshaandika Aprili 2010 kwamba iPhone haitaibeba Flash kabisa. Mwishowe Adobe yenyewe ilitangaza Novemba 2011 kwamba inaachana na Flash ya simu, na Agosti 2012 ikaiondoa kwenye duka la Google. Waliokuwa bado wanangoja, walingoja kitu kilichokwisha.

Video za wavuti zikahamia kwenye HTML5, ambayo huchezwa na kivinjari chenyewe bila programu ya pembeni. Hili ni jambo zuri kwa mwenye simu ya zamani, kwa sababu kivinjari hakingoji mlolongo ule mrefu. Kinasasishwa kutoka Duka la Google Play, moja kwa moja.

Hapa ndipo tungependa ukae nasi kidogo, maana nusu ya malalamiko tunayopokea yanatoka hapa. Ndani ya programu yetu, kama zilivyo programu nyingi, kurasa za msaada, video za mafunzo na baadhi ya risiti huonyeshwa na kitu kinachoitwa Android System WebView. Ni kama kivinjari kidogo kilichojificha ndani ya programu nyingine. Kwenye Android 7 hadi 9 kazi hiyo hufanywa na Chrome yenyewe. WebView ikizeeka, ukurasa unakuja mweupe na video inabaki giza, na wewe unalaumu mtandao, unanunua bando jingine. Siku nyingine kosa huwa la sasisho lenyewe: Machi 22, 2021, WebView yenye hitilafu ilifanya programu nyingi, Gmail ikiwemo, zijifunge zenyewe kwenye simu za Android duniani kote, hadi Google ilipotoa marekebisho. Watu wengi walikimbilia kwa fundi, wengine wakafuta kila kitu kwenye simu zao. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome, basi.

Kwa hivyo ukurasa wetu ukikufungukia mweupe, kabla hujatupigia, nenda Duka la Google Play, tafuta vitu hivyo viwili, uvisasishe ukiwa kwenye Wai-Fai. Ikiwa simu imejaa video za harusi na picha za vikundi, futa kiasi kwanza, kwa sababu sasisho likikosa nafasi huwa linakwama kimyakimya.

Hata hivyo, njia hii nayo ina mwisho. Tangu Agosti 2025, matoleo mapya ya Chrome yanahitaji Android 10 kwenda juu. Programu yetu tuliipandisha hadi Android 8. Sababu ni usalama: mfumo wa zamani hubaki na matundu ambayo hakuna atakayeyaziba, na mwizi anayajua. Uamuzi huo tunausimamia. Jinsi tulivyoutangaza ndiko tulikoharibu. Tulitoa ilani ndani ya programu, kwa Kiingereza, siku 14 kabla. Mama wa Langas hakuisoma. Aliona dirisha limetokea wakati anataka kulipa mtu wa kabeji, akalifunga.

Jumamosi, siku moja baada ya programu kumfungia nje, ujumbe uliingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara: simu zilizokataliwa zinaweza kusasishwa hapa, bonyeza linki. Nembo ilikuwa yetu, rangi zetu, hata salamu yetu. Kijana wake akamsaidia kupakua faili. Simu ikaonya kwamba chanzo hakijulikani, wakaruhusu. Faili ikaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia watu wasioona vizuri na ambayo humwezesha mwenye programu kusoma kila kitu kinachopita kwenye kioo. Wakaruhusu pia. Kisha akaandika namba yake ya siri. Ndani ya dakika chache mtu alikuwa amefungua akaunti yake kwenye simu nyingine, kwa namba hiyo na kwa msimbo uliokuja kwa SMS, na kutuma shilingi 18,400 kwa awamu tatu. Ilikuwa kodi ya nyumba na mtaji wa wiki.

Hatumlaumu. Mtu aliyengoja kitu kwa muda mrefu hukipokea haraka kikija, hata kikija kupitia dirishani. Matapeli wanajua siku tunayofunga matoleo ya zamani, na siku hiyo ndiyo yao ya kuvuna.

Sasa tunatuma SMS kwa Kiswahili siku 60 kabla ya kufunga toleo lolote, na SMS hizo hazina linki hata moja. Ukiona ujumbe wa sasisho wenye linki, jua si wetu. Sasisho letu liko Duka la Google Play tu. Na ikiwa umeshasakinisha faili kama ile, zima data na Wai-Fai papo hapo, tumia simu nyingine kutupigia tufunge akaunti, ndipo uanze kutafuta fundi.

Na kama simu yako haiwezi kupanda tena? Pesa zako hazimo ndani ya programu. Ziko kwenye akaunti, na akaunti inafunguka kwa nambari fupi ya nyota, bila intaneti, hata kwa kabambe. Pesa za simu zilianza hivyo nchini mwaka 2007, kwenye menyu ya laini. Hata Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, watu walijisajili kwa *254#. Haina video wala rangi, lakini haingoji Android ya mtu.

Kwa mama wa Langas, tulifanikiwa kuzuia shilingi 11,000 kabla hazijatolewa. 7,400 zilikuwa zimeshachukuliwa kwa wakala. Akatoa kabambe kwenye mfuko wa aproni, tukahamishia laini yake humo, akabadilisha namba ya siri na kuangalia salio. Ujumbe wa malipo ya till ukaingia tukiwa bado tumesimama, mteja wa viazi, shilingi 150. Akatuuliza zile 7,400 zitarudi lini. Tukamwambia kesi iko kwa polisi na hatuwezi kumwahidi. Akaandika namba ya kesi nyuma ya risiti ya viazi, akaenda, kwa sababu lori la kabeji lilikuwa limeshafika na hakuna mtu kibandani.