Kemikali Zinazodumu Katika Mayai, Maziwa na Samaki

Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za Pare na Taveta, chini ya Mlima Kilimanjaro, zilipuliziwa dieldrini ili kuua mbu waenezao malaria. Dawa hiyo na DDT ni miongoni mwa kemikali 12 za kwanza zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Sababu ni kwamba hubaki ardhini kwa miaka mingi.

Kemikali hizi huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kuku anayeparua udongo hula wadudu na chembe za udongo, na sumu hujikusanya katika kiini cha yai. Vivyo hivyo hukaa katika mafuta ya nyama, ya maziwa na ya samaki. Kuosha au kuchemsha chakula hakuziondoi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 90 ya dioksini humfikia binadamu kwa njia ya chakula, na nusu ya kiasi kilichoingia mwilini huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka.

Dioksini haiuzwi dukani. Huzaliwa, pamoja na mambo mengine, taka za plastiki zinapochomwa. Katika kihamba, majivu ya kuni yamwagwayo kwenye migomba hayana tatizo hilo. Hatari ni majivu ya mifuko, nyaya na makopo ya dawa za kahawa, mahali ambapo kuku hupekua kila siku.

Je, mama amnyime mtoto yai? Hapana. Mtoto anayelishwa ndizi pasipo protini ya kutosha yumo katika hatari ya udumavu, na hatari hiyo ni ya leo. Utafiti uliofanyika Arusha ulikuta mabaki ya DDT katika maziwa ya akina mama wanaonyonyesha. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linahimiza kunyonyesha, kwa kuwa faida zake zinazidi madhara hayo.

Mhudumu wa afya anapotoa ushauri wa lishe, aulize pia taka huchomwa wapi. Familia isichome plastiki, isitumie makopo ya dawa kunyweshea mifugo, iwazuie kuku wasifike jalalani, iondoe mafuta yanayoonekana kwenye nyama, na ibadilishe vyakula: leo maharage, kesho dagaa, keshokutwa yai.