Mei ya Mallorca: msimu umerefuka, Agosti haijapungua

Usiku wa kuamkia Mei Mosi, kodi ya kulala hotelini katika kisiwa cha Mallorca hupanda mara nne. Mgeni wa hoteli ya nyota nne hutozwa senti 75 za yuro kwa usiku hadi mwisho wa Aprili. Kuanzia siku inayofuata hutozwa yuro 3, na kwenye hoteli za nyota tano yuro 4. Mume na mke wanaokaa usiku saba katika nyota nne watalipa yuro 42 badala ya yuro 10.50, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Si fedha ya kumfanya mtu aghairi safari, ila inaonyesha serikali ya visiwa vya Balearic, ambavyo Mallorca ni kimojawapo, inavyoitazama kalenda: Mei kwake si maandalizi tena, ni msimu kamili.

Zamani haikuwa hivyo. Biashara ya kisiwa hiki cha Hispania, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,640 na wakazi wanaokaribia milioni moja, ilijengwa juu ya jua na mchanga. Waingereza na Wajerumani walishushwa na ndege za kukodi, wakakaa wiki mbili ufukweni, wakarudi kwao. Hoteli zilifunguliwa karibu na Pasaka na kufungwa mwisho wa Oktoba. Sehemu kubwa ya wafanyakazi bado huajiriwa kwa mkataba ambao Wahispania huuita fijo discontinuo: kazi ni yako ya kudumu, lakini unaitwa msimu ukianza na kupumzishwa ukiisha.

Mwishoni mwa majira ya machipuko bahari ya huko haijapata joto. Maji huwa kwenye nyuzi 19 au 20, na mtu aliyezoea maji ya Mombasa au Paje angetoka mbio. Kwa hiyo anayeuza Mallorca ya Mei hawezi kuuza kuogelea peke yake. Anachouza ni mlima.

Safu ya Serra de Tramuntana imekaa kama ukuta kwenye pwani ya kaskazini-magharibi, na kilele chake, Puig Major, kinazidi mita 1,400. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, si kwa ajili ya miamba yenyewe bali kwa kazi ya mikono iliyofanyika juu yake: matuta ya ngazi yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na chokaa wala saruji, mizeituni mikongwe, na mifereji ya maji ambayo asili yake ni enzi za utawala wa Waislamu uliodumu kisiwani hadi 1229. Mei, mvua zikiwa zimepita na jua halijawa kali, ndiyo wakati wa kutembea huko kwa miguu. Agosti kazi hiyo ni adhabu.

Wateja wakubwa wa machipuko, hata hivyo, ni waendesha baiskeli. Huanza kumiminika Februari na kupungua mwishoni mwa Mei. Kivutio chao ni barabara ya Sa Calobra, iliyosanifiwa na mhandisi Antonio Parietti na kujengwa miaka ya mwanzo ya 1930. Inashuka kutoka mlimani hadi baharini kwa kona kali 26, na mahali pamoja inajizungusha na kupita chini yake yenyewe. Haikuwa na sababu kubwa ya kiuchumi wakati ule zaidi ya kuwafikisha watalii kwenye korongo la Torrent de Pareis. Leo watu husafiri kutoka Zurich na Manchester ili waipande wakihema. Kila mwisho wa Aprili hufanyika safari ya siku moja iitwayo Mallorca 312, kwa kilomita za njia yake ndefu kuliko zote, na washiriki wake ni maelfu. Hoteli za Playa de Muro, Alcúdia na Port de Pollença zimejipanga kwa wateja hawa: vyumba vya kufungia baiskeli, mahali pa kuzioshea, mafundi, na kifungua kinywa cha alfajiri chenye wanga wa kumtosha mkulima.

Treni ya mbao kutoka Palma, mji mkuu wa kisiwa, kwenda Sóller nayo imebadili kazi. Ilizinduliwa 1912 kwa kilomita 27 za reli, ikitoboa milima kwa mahandaki ili bonde la michungwa lililojitenga lifikiwe. Sasa mzigo wake ni watalii. (Mtunzi wa muziki Chopin na mwandishi George Sand walikaa katika kijiji cha Valldemossa majira ya baridi ya 1838 hadi 1839, wakaondoka wakinung'unikia mvua na wenyeji. Wangengoja Mei, huenda kisiwa kingepata tangazo zuri zaidi.)

Tukifungua daftari la mapato, tunaona jambo ambalo vipeperushi vya watalii havilisemi. Mlima ndio unaouza, ufukwe ndio unaopokea. Mwendesha baiskeli hulala na kula pwani. Juu huacha bei ya kahawa na kipande cha keki. Kuta anazozipiga picha huanguka kila mvua kubwa inaponyesha, na kuzijenga upya kunahitaji fundi mwenye ujuzi na siku nyingi za kazi. Mizeituni ya matutani huchumwa kwa shida kwa sababu mashine haziwezi kupanda huko, kwa hiyo mafuta yake hayawezi kushindana kwa bei na yale ya mashamba makubwa ya Andalusia bara. Mkulima anayeacha shamba anaacha pia mandhari ambayo hoteli zinaiuza bila kuilipia. Kodi ya kulala, iliyoanza kutozwa Julai 2016, ilikusudiwa kuziba pengo la namna hii, kwani sehemu ya fedha zake huelekezwa kwenye mazingira na urithi. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora lililotoka visiwani humo kwa miaka mingi, ingawa wenye hoteli waling'ang'ania kulipinga tangu siku ya kwanza.

Wazo la pili, la kurefusha msimu, lilipendwa na kila upande. Hoja ilikuwa nyepesi: tukiwapata wageni Aprili, Mei na Oktoba, shinikizo la Julai na Agosti litapungua. Nusu ya hoja hiyo imetimia. Mwaka 2023 visiwa vya Balearic vilipokea watalii wapatao milioni 17.8, na mwaka uliofuata rekodi hiyo ikavunjwa. Uwanja wa ndege wa Palma ulihudumia abiria wapatao milioni 33 mwaka 2024. Miezi ya pembeni imejaa kweli. Lakini Agosti haikumpa Mei mgeni wake hata mmoja. Wenye watoto wa shule wamefungwa na likizo, nao huja Agosti ileile. Wanaokuja Mei ni wastaafu, wanamichezo na vijana wasio na watoto. Ni soko jipya lililoongezwa juu ya la zamani. Si bahati mbaya basi kwamba maandamano makubwa ya 2024 dhidi ya utalii wa kupindukia na gharama za nyumba hayakusubiri joto la Agosti. Maelfu waliingia mitaa ya Palma tarehe 25 Mei.

Serikali haikukaa kimya. Palma ilipiga marufuku kupangisha fleti kwa watalii mwaka 2018, ikawa mji wa kwanza Hispania kuchukua hatua hiyo. Meli za kitalii zinazotia nanga hapo zimewekewa kikomo cha tatu kwa siku. Sheria ya 2022 ilisimamisha utoaji wa nafasi mpya za malazi na, kwa kifungu kilichowafurahisha wahudumu wa vyumba, ikazitaka hoteli ziweke vitanda vinavyonyanyuka ili anayetandika asivunjike mgongo. Kifungu hicho kingefaa kusomwa Zanzibar pia, kwa sababu waajiri ni walewale. Riu, iliyoanza na hoteli ndogo Playa de Palma mwaka 1953, ina hoteli Nungwi. Meliá, iliyoanzishwa Palma na Gabriel Escarrer mwaka 1956, ina jina lake kwenye pwani ya mashariki ya Unguja. Kampuni za Mallorca zilianza kwenda ng'ambo ya bahari kutafuta mapato ya miezi ambayo nyumbani kunafungwa. Barceló ilifika Jamhuri ya Dominika mwaka 1985, wengine wakafuata. Ukitazama kalenda, mwezi ambao Mallorca inapiga deki na kupokea wageni ndio huohuo ambao masika ya Zanzibar hufunga hoteli kadhaa na kuwarudisha wafanyakazi makwao. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa Mallorca huondoka akiwa na haki ya kisheria ya kuitwa tena.

Kwa mfanyakazi huyo, msimu wa miezi tisa badala ya sita ni neema ya wazi. Tatizo ni pa kulala. Katika visiwa hivi kuna wenye nyumba wanaopangisha walimu na wauguzi kuanzia Septemba hadi kiangazi, kisha huwaomba watoke ili nyumba iingizwe kwenye soko la watalii. Wakati soko hilo lilipokuwa likianza Juni, mwalimu aliweza kumaliza mwaka wa masomo. Kadiri machipuko yanavyozidi kuwa na soko, ndivyo tarehe ya kutoka inavyokuja mapema zaidi. Baadhi ya waajiri wameanza kununua au kukodi nyumba za wageni za zamani ili wapishi na wahudumu wao wapate vitanda, na wengine wanatenga vyumba ndani ya hoteli zenyewe. Kila chumba cha namna hiyo ni chumba ambacho Mei hii hakiuzwi kwa mtalii, na mhasibu wa hoteli analazimika kukiandika kwenye safu ya gharama za mishahara.