Nyumba Iliyoandikwa Jina la Mwenzio

Mambo haya mara nyingi huanza kwa mapenzi. Mtu amejenga nyumba kwa jasho lake, na siku moja, kwa ajili ya mkopo au kwa kumridhisha mwenzake tu, anatia sahihi na nyumba yaandikwa jina la huyo mwingine. Hakuna anayeuliza, maana kuuliza ni kama kumshuku mwenzi wa ndoa. Swali huja baadaye, mapenzi yamekwisha poa na mgeni asiyejulikana amekuja kupima vyumba.

Sisi twaona kwamba aibu hiyo ya kuuliza imewaponza wengi, na zaidi akina mama, ambao huletewa karatasi wakiwa jikoni na kuambiwa watie dole gumba upesi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 61, yasema kwamba mali ambayo mume humpa mke, au mke humpa mume, hudhaniwa kuwa imekuwa ya aliyepewa kabisa. Dhana hiyo yaweza kukanushwa, lakini kwa ushahidi. Na maneno ya chumbani hayana shahidi. Kwa hiyo, ikiwa jina linabadilishwa kwa ajili ya mkopo tu, na iandikwe hivyo mbele ya mashahidi. Bora zaidi, nyumba iandikwe majina yote mawili. Hapo sheria hudhani kwamba haki zao ni sawasawa.

Je, aliyekwisha kutia sahihi amepoteza kila kitu? La, hasha. Kwa kifungu cha 59, maadamu ndoa ingalipo, mwenye jina hana ruhusa ya kuuza nyumba wanamokaa, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ya idhini ya mwenzake. Naye mwenzake huyo ahesabiwa kuwa ana haki katika nyumba, haki ambayo aweza kuilinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Zuio hilo wengi huliogopa, wakidhani ni kumshtaki mume. Sivyo. Nyumba ikiuzwa kwa siri, asiyeshirikishwa ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Lakini mnunuzi akithibitisha kwamba hakujua, wala asingeweza kujua hata kwa kuchunguza vema, haki hiyo yaweza kuponyoka. Zuio likiwa limo daftarini, mnunuzi atadai vipi kwamba hakujua?

Na ndoa ikivunjika, jina lililo katika hati si neno la mwisho. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Wako waume ambao mpaka leo hawajaisikia hukumu hiyo, au hujifanya hawajaisikia.

Imebaki karatasi ya benki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka idhini ya mke au mume kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Ndiyo maana karatasi huletwa kwa haraka na kwa maneno matamu. Asiyejua kusoma amtafute wa kumsomea, wala asiwe yule yule anayeitaka sahihi.