Fahamu: Karatasi ya usalama wa kemikali kazini

Ni nini?

Ni hati ya mtengenezaji au msambazaji inayoeleza hatari za kemikali, namna ya kuihifadhi na la kufanya ikikumwagikia. Kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa 2003, ina sehemu 16 zenye mpangilio uleule katika kila nchi inayoufuata.

Uanzie wapi?

Huhitaji kusoma sehemu zote, nyingine ni za wataalamu. Ya 2 inataja hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kujikinga. Chukua dawa ya madoa yenye klorini: sehemu ya 10 huonya isichanganywe na asidi, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia choo. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, inayodhuru mapafu. Sehemu ya 4 nayo husema aliyeimeza dawa hiyo ya madoa asilazimishwe kutapika.

Sheria

Kenya inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka msambazaji wa kemikali atoe karatasi hizi. Lakini karatasi ikifungiwa kabatini kwa meneja, haimsaidii mfanyakazi wa zamu ya usiku. Muulize msimamizi iko wapi kabla hujafungua dumu.