Konokono Naye Ana Kinga: Tunajifunza Nini Juu ya Kichocho?



Wengi wetu wa Masukulu tunateremka Kyela wakati wa mpunga, na vijana wengine hufika hadi Ziwa Nyasa kuvua na kuoga. Baadhi hurudi na kichocho. Wakishameza dawa husema, "Mimi nimeshaugua, sasa mwili umezoea." Mwezi huu tuone kwa nini usemi huo ni wa hatari. Tutaanza na konokono, maana bila yeye kichocho hakiwezi kutufikia.

Safari ya kijidudu

Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya mnyoo huanguliwa humo. Kijidudu kinachotoka huishi saa chache tu. Ndani ya saa hizo ni lazima kimpate konokono wa majini wa aina inayokifaa. Kikimwingia huzaana ndani yake, na baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingine kwa maelfu, hasa mchana jua likiwaka. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliye majini.

Konokono hujikingaje?

Si kila konokono hukubali kubeba mzigo huo. Profesa Eric Loker wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kazi yake nyingine aliifanya Kenya, pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI).

Konokono hatengenezi kingamwili kama sisi, wala hapewi chanjo. Anategemea kinga ya asili, yaani ile anayozaliwa nayo. Kijidudu kikiingia kwa konokono mwenye kinga imara, chembechembe za damu yake hukizunguka, hukifunika pande zote na kukiua katika siku moja au mbili. Damuni mwake zipo pia protini zinazomnata adui. Mwaka 2004 Loker na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba protini hizo ni za namna nyingi sana, hata konokono mmoja hutofautiana na mwenzake. Kabla ya hapo wengi walidhani kinga ya wanyama wadogo ni ya namna moja tu.

Lakini mara nyingi kijidudu hushinda. Hujificha na kuzidhoofisha chembechembe zile, na konokono huyo karibu huacha kabisa kutaga mayai.

Na samaki je?

Samaki yuko karibu nasi zaidi, kwani ana kinga zote mbili: ya asili na ile ya kujifunza, yenye kingamwili. Ngao yake ya kwanza ni ute. Ukimshika kambale unausikia mkononi unavyoteleza. Ute huo una kemikali zinazoua bakteria. Kwa hiyo wenye mabwawa ya samaki, loweni mikono kabla ya kuwashika wale mnaowarudisha majini, ili msiwavue ngao yao.

Sisi nasi tunazo ngao za namna hiyo: ngozi, machozi, makamasi, na chembechembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu.

Kwa nini tunaugua tena?

Mnyoo wa kichocho ni mjanja. Ndani ya mishipa ya damu hujivika vitu vya damu yetu wenyewe, hata kinga isimtambue kuwa ni mgeni. Kwa sababu hiyo anaweza kuishi miaka mingi mwilini. Kinga dhidi yake hujengeka polepole mno, tena haikamiliki. Hadi leo hakuna chanjo ya kichocho inayotumika kwa watu. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa, ila haiui vizuri michanga, wala haimkingi mtu atakayerudi kwenye maji yale yale.

Dalili ni kukojoa damu, au maumivu ya tumbo na kuharisha damu. Kikiachwa, kichocho huharibu kibofu, figo au ini. Kwa akina mama mayai ya mnyoo huweza kuleta vidonda na kutokwa damu sehemu za siri. Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya zinaa, na ugomvi huingia nyumbani bure. Wenzi wasinyosheane kidole. Waende wote wawili wakapimwe.

Tufanye nini?

1. Tujenge na kutumia choo, hata kule shambani. Bila mkojo na kinyesi majini, konokono hana cha kutuambukiza.
2. Tusioge wala kuchezea maji ya mabwawa, mifereji na kando ya ziwa penye majani. Kwenye majaruba tuvae mabuti.
3. Maji ya kuoga yachemshwe, au yatunzwe katika chombo kisafi siku mbili bila konokono ndani. Vijidudu hufa. Ya kunywa yachemshwe daima.
4. Mwenye dalili apeleke mkojo na choo kupimwa. Akirudi tena kwenye maji hayo, arudi pia kupimwa.
5. Watoto wasikose siku ya kumeza dawa shuleni.

Wataalamu wanaendelea kutafuta siri ya konokono anayemshinda mnyoo. Kwetu sisi, jembe la kuchimba choo halihitaji kusubiri.