Sultani alijenga Husuni Kubwa, waumini wakautunza msikiti

Nilipanda treni ya SGR asubuhi kutoka Dodoma, nikalala Dar es Salaam, na kesho yake nikashika basi la kusini. Ni zaidi ya kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Ukifika bado hujafika, kwani kuna kibali cha kuchukua, kisha boti ya kukuvusha hadi Kilwa Kisiwani. Kwa mtu wa Makole, Dodoma, aliyezoea vumbi na upepo mkavu, harufu ya chumvi na mikoko ni ugeni mtupu. Lakini juu kisiwani niliikuta mibuyu, minene na mikimya kama ya Ugogo, nikajiona niko nyumbani.

Wageni wengi hutazama ngome iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu, vilivyo karibu na mahali boti inapotia nanga, kisha hurudi. Mimi nilitaka Husuni Kubwa, iliyojitenga upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Mwongozaji wangu, kijana wa hapohapo kisiwani, alitangulia kwenye njia nyembamba kati ya vichaka.

Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu "hisn", yaani ngome. Hata hivyo, Husuni Kubwa ilikuwa kasri. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala ilipopitia mikononi mwa Kilwa kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Jina la sultani huyo lilikutwa limechongwa kwenye jiwe humohumo, katika uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960. Vyumba vya kasri ni zaidi ya 100. Kuna ua wenye ngazi pande zake, maghala ya bidhaa, na bwawa la kuogelea lenye pembe nane.

Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa hilo kwa muda mrefu. Leo ni shimo kavu lenye majani makavu chini, lakini pembe zake bado zinasomeka moja baada ya nyingine. Nilipitisha kiganja kwenye lipu ya chokaa. Mahali palipobanduka, jiwe la tumbawe lilionekana lote, na ndani yake vijitundu vya wadudu wa baharini waliolijenga. Mafundi wa pwani walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo wakapata chokaa. Yale ya nakshi waliyakata yakiwa mabichi baharini, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu. Kwa maneno mengine, bahari ndiyo iliyotoa jiwe, na bahari hiyohiyo ndiyo iliyotoa udongo wa kulishikiza.

Hatua chache kutoka hapo ipo Husuni Ndogo. Ni uzio wa mstatili wenye kuta nene zilizotiwa minara, na pwani yetu haina jengo jingine la namna yake. Wataalamu wameulinganisha na kasri za jangwani ambazo watawala wa Kiislamu wa mwanzo walizijenga huko Jordan, Syria na Iraq. Mojawapo ni Qasr Kharana, linalosimama peke yake katika nyika ya Jordan tangu zama za Bani Umayya, karne ya nane. Huko nako wasomi wamebishana miaka mingi: je, ilikuwa ngome, nyumba ya misafara, au mahali pa mtawala kukutana na machifu wa jangwani? Husuni Ndogo nayo imedhaniwa kuwa kambi, soko, hata msikiti usiokamilika. Jengo likishapoteza watu wake, hupoteza na kazi yake.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan akisifiwa kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa akitoka kuswali Ijumaa, naye akampa. Mwana wa sultani akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia, akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki kimetajwa mara nyingi kama sifa. Nikiwa nimekaa pale bwawani, niliwafikiria wale watu ishirini. Hakuna jiwe lililochongwa majina yao. Nawafikiria kwa sababu mimi ni mtu wa bara, na bara ndiko zilikotoka pembe, na wengi waliozibeba.

Husuni Kubwa ilikaliwa kwa muda mfupi, na haikupata kukamilika. Sasa linganisha na Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11. Sultani huyuhuyu aliupanua kwa ukumbi wa kuba, nao ukaja kuporomoka, lakini watu wa Kilwa waliujenga upya katika karne ya 15, kwa kuwa walikuwa na haja nao kila siku, mara tano. Kasri lilikuwa la mtu mmoja, likaondoka naye. Msikiti ulikuwa wa wote, wakaushika.

Bibi yangu wa Mvumi, huko Ugogo, aliishi kwenye tembe. Kila mwaka, kabla ya mvua, wajukuu tulipanda juu ya paa bapa kuziba nyufa kwa udongo mpya. Ukiacha msimu mmoja, maji yanaingia, na ukiacha miwili, boriti zinaoza. Nimeelewa Kilwa kwa somo hilo. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Baada ya miaka kumi ya kuimarisha kuta na kupambana na mmomonyoko wa ufukwe, yakatolewa humo mwaka 2014.

Tulipokuwa tunaondoka, mwongozaji alisimama ghafla. Kwenye ufa wa ukuta kulikuwa na mche mdogo, majani matatu tu. Aliushika chini kabisa, akauvuta polepole hadi mzizi wote ukatoka, akaziba kitundu kwa kidole gumba. Nilimuuliza kama hiyo ni kazi anayolipwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea.